Ajali Isiyoandikwa



Mwenzetu mmoja wa kiwanda cha chai upande wa Nyamira alikatwa vidole viwili na mashine. Nyapara alimfunga kitambaa, akampeleka zahanati, na jioni akamtumia shilingi 3,000 pamoja na maneno matamu: kaa nyumbani upone, kazi yako ipo. Mwenzetu akashukuru. Alipokuja kwetu miezi tisa baadaye hana kazi wala vidole, tulimwuliza kama anayo karatasi yo yote ya kuonyesha kwamba aliumia kazini. Hakuwa nayo. Tukaenda naye kwa karani wa kiwanda, naye akafungua daftari mbele yetu. Siku ile zimeandikwa kilo za majani, tena imeandikwa kwamba mashine ilisimama dakika 40. Kwa nini ilisimama, haikuandikwa. Mashine ina habari zake daftarini, mtu hana.

Kisa hiki si cha mtu mmoja, nasi tumechoka kukisikia. Ziko sheria mbili za mwaka 2007, moja ya usalama na afya kazini, nyingine ya fidia ya majeraha ya kazini. Aliyeumia, au mtu kwa niaba yake, amwarifu mwajiri, kwa mdomo au kwa barua. Mwajiri naye ana siku 7 za kupeleka habari kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Mtu akifa, habari zifike katika saa 24. Na hapa twataka msikie vizuri: mwajiri si hakimu. Hata akiona kwamba jeraha halikutokana na kazi, maadamu mfanyakazi mwenyewe amesema ameumia kazini, habari lazima zipelekwe. Kuamua ni juu ya Mkurugenzi.

Matajiri wengine hawapendi fomu hiyo kwa kuwa huleta mkaguzi mlangoni. Lakini tazameni hesabu. Fidia ya kilema cha kudumu huanzia mshahara wa miezi 96. Mwenye kupata shilingi 10,000 kwa mwezi, kilema chake kikikadiriwa sehemu 10 katika 100, hupata shilingi 96,000. Mwenzetu alipewa 3,000 akashukuru! Hatumcheki, wengi wetu tungalishukuru vile vile siku ile, mkono ukiuma.

Tangu tarehe 3 Desemba 2019, Mahakama ya Juu ilipokwisha kuamua kwamba madai haya yaanzie kwa Mkurugenzi wala si mahakamani, karatasi imekuwa na uzito zaidi. Usitegemee kwamba wakili atakufukulia ajali ambayo hakuna aliyeiandika.

Magonjwa ni taabu kubwa kuliko majeraha, maana hayana siku wala saa. Nendeni Tabaka mkawatazame wachongaji wa mawe ya sabuni, nyusi nyeupe kwa vumbi tangu asubuhi. Kikohozi kikija baada ya miaka, huitwa homa ya baridi. Wengi wao hulipwa kwa kila kinyago na hawajui tajiri wao ni nani hasa, basi nani aandike? Sheria ya usalama humtaja hata anayejifanyia kazi mwenyewe, lakini hatujamwona mchongaji aliyeambiwa hayo. Wachumaji wa chai nao wana migongo yao, na kikapu hakiandiki kitu.

Kwa hiyo, ukiumia, mwambie nyapara mbele ya shahidi, siku ile ile. Mwombe daktari aandike kwamba umeumia kazini, na mahali gani. Taka nakala ya fomu. Ukikataliwa, mjulishe mjumbe wa chama kabla ya siku 7 kwisha, si baada ya miezi tisa.

Juu ya mwenzetu, haki yake haijapotea. Sheria yasema haki hupotea ajali isipoarifiwa kwa mwajiri katika miezi 12, ila ikithibitika kwamba mwajiri aliijua kwa njia nyingine. Zile shilingi 3,000 zilikuja kwa M-Pesa, na ujumbe wake ungali katika simu yake, na tarehe yake ni ile ya zile dakika 40. Tumepeleka vyote viwili kwa ofisa wa usalama na afya kazini.