Kosa la Nani Huchekwa? Maoni kuhusu Lugha katika Filamu ya The Gang's All Here (1943)

1.0 Utangulizi

Filamu za muziki na mapenzi zilizotengenezwa Hollywood wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aghalabu huchukuliwa kuwa burudani tupu, isiyomhusu mwanaisimu. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Tunadai kuwa filamu hizo zinaonyesha jinsi jamii inavyogawa haki ya kukiuka sarufi: mmoja akikiuka husifiwa, mwingine huchekwa. Mfano wetu ni The Gang's All Here, iliyoongozwa na Busby Berkeley na kutolewa na kampuni ya Twentieth Century-Fox mwaka 1943.

Kisa chenyewe ni chepesi. Askari Andy Mason anampenda Edie Allen (Alice Faye), msanii wa klabu ya usiku mjini New York, lakini anamdanganya jina lake na kumficha kuwa tayari ana mchumba. Anapelekwa vitani Pasifiki, anarudi na nishani, na siri inafichuka wakati wa maandalizi ya tamasha la kuuza hatifungani za vita. Hatimaye wapendanao wanapatana. Pembeni mwao yupo Dorita, mwimbaji kutoka Brazil, anayeigizwa na Carmen Miranda. Huyu ndiye anayetuhusu hapa.

2.0 Jirani na shehena

Tangu mwaka 1933 serikali ya Rais Roosevelt ilifuata siasa ya ujirani mwema na nchi za Amerika ya Kusini. Mwaka 1940 iliundwa ofisi maalumu chini ya Nelson Rockefeller ya kuratibu uhusiano huo, na sinema ilikuwa mojawapo ya nyenzo zake. Brazil nayo iliingia vitani upande wa Washirika mwezi Agosti 1942.

Si ajabu, basi, kwamba filamu inafunguka kwa meli ya Brazil inayoshusha sukari, kahawa na matunda, bidhaa ambazo Wamarekani walizionea shauku, maana sukari na kahawa zilikuwa zimewahi kugawiwa kwa kipimo. Baada ya matunda hayo anatokea Miranda, amevaa kofia iliyojaa matunda vilevile. Picha hii ina maana mbili zinazokinzana: jirani ni mshirika, na jirani ni sehemu ya shehena.

3.0 Kosa lililotungwa

Dorita husema Kiingereza cha kasi, chenye lafudhi nzito na misemo iliyopindwa. Je, tunayachukulia makosa yake kuwa makosa ya mjifunzaji lugha? Corder (1967) alikwisha kutuonyesha kuwa makosa ya mjifunzaji yana mfumo, nayo ni dalili ya sarufi anayoijenga akilini mwake. Makosa ya Dorita si ya namna hiyo. Mswada wa filamu uliandikwa na Walter Bullock, kwa masikio ya Wamarekani. Msemo uliopindwa hauchekeshi mpaka msikilizaji autambue ule ulionyooka. Kwa hiyo chimbuko la kosa hili ni Kiingereza cha msikilizaji, wala si Kireno cha msemaji. Anayedai kwamba Miranda alichekesha kwa sababu hakujua lugha anamchanganya mwigizaji na mhusika, tena anamnyima mwigizaji sifa ya kazi yake.

Sasa tumgeukie Edie. Miongoni mwa nyimbo anazoimba ni ule uitwao "No Love, No Nothin'". Jina lenyewe limekanusha mara mbili, jambo ambalo sarufi ya shuleni ya Kiingereza inalikataza. Hata hivyo hakuna anayecheka, kwani wimbo hupokewa kama kilio cha mwanamke anayemngoja mpenzi aliye vitani.

Yamkini msomaji atapinga kuwa hayo ni matumizi ya makusudi ya lugha ya mitaani. Ni kweli, na hiyo ndiyo hoja yetu. Mwenyeji akikiuka kanuni huhesabiwa kuwa amechagua. Mgeni akikiuka huhesabiwa kuwa ameshindwa, hata kama ukiukaji wote wawili umetungwa mezani na waandishi wa kulipwa.

Miranda mwenyewe aliionja adha hiyo kotekote. Aliporudi Rio de Janeiro mwaka 1940, hadhira ya Cassino da Urca ilimpokea kwa ubaridi, akisutwa kuwa amegeuka Mmarekani. Huko Hollywood alitakiwa abaki Mbrazili wa kofia ya matunda. Lafudhi ikawa mtaji wake, ikawa pia kifungo chake.

4.0 Hitimisho

Suala hili si la Hollywood peke yake. Katika Vitimbi vya Kenya, Benson Wanjau (Mzee Ojwang'), aliyefariki mwaka 2015, aliwachekesha watazamaji kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ilhali yeye hakuwa Mjaluo. Hiyo pia ilikuwa sanaa iliyotungwa, wala hatupendekezi vichekesho vya aina hiyo vipigwe marufuku.

Tunachopendekeza ni kwamba sisi wanataaluma tujichunguze. Mshairi akipindua mpangilio wa maneno tunasema ameboronga sarufi kwa idhini ya utanzu wake. Mwanafunzi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili akipindua hivyo hivyo tunamtia wino mwekundu. Pengine tofauti hiyo ina sababu nzuri, lakini sababu hiyo yafaa itajwe na itetewe. Wasemaji wengi wa Kiswahili leo walianza na lugha nyingine. Kabla ya kuandika neno "kosa" katika tasnifu zetu, hatuna budi kuuliza: limetungwa na nani, kwa masikio ya nani, na ni nani aliyepewa haki ya kulitenda bila kuchekwa?