Kiingereza Kifundishwe, Kisipime Akili

Kila mwaka wa masomo unapoanza, vijana wetu wengi wa Musoma, Bunda na Butiama huingia kidato cha kwanza na kukuta ukuta. Miaka yote ya shule ya msingi wamesomeshwa kwa Kiswahili, kama ilivyoamuliwa mwaka 1967. Ghafla hesabu, jiografia na biolojia zinageuka Kiingereza. Kijana aliyekuwa hodari wa kuuliza maswali ananyamaza, nasi tunasema hana akili.

Ndugu wananchi, kijana huyo hakupungukiwa akili, amepungukiwa maneno. Tena siyo maneno makubwa ya vitabuni, bali yale ya kila siku. Anaweza kukariri vitenzi ukurasa mzima, lakini ashindwe kumwelekeza mgeni aliyeshuka Bunda akiulizia njia ya Hifadhi ya Serengeti. Kwetu 'kuazima' ni kwa anayetoa na anayepokea. Mwingereza ana maneno mawili, 'lend' na 'borrow'. Ukiyachanganya, mdaiwa anageuka mdai. 'Pole' yetu humfikia mgonjwa, mfiwa na hata aliyetoka kulima. Kijana akimwambia 'sorry' mgeni aliyechoka na safari, mgeni atajiuliza kijana kamkosea nini. 'Shikamoo' ndiyo haina mwenzake kabisa. Mambo haya hayafahamiki kwa kukariri orodha, bali kwa kuzungumza.

Sisi tuliopitia chuo cha Kurani tulikariri Kiarabu miaka mingi. Lakini maalimu alipotaka tuelewe, alifasiri kwa Kiswahili, na wala hakumwita mtu mjinga kwa kutojua Kiarabu.

Tuwatazame Wajapani. Wao husoma fizikia kwa Kijapani hadi chuo kikuu, na Kiingereza hukisoma kama somo. Nao wana vituko vyao: neno walilolitoa katika Kiingereza, 'manshon', kwa Mwingereza ni jumba la tajiri, kwao ni makazi ya kawaida katika jengo la ghorofa. Jambo hilo halikuwazuia kuunda magari yanayobeba abiria wetu kati ya Musoma na Bunda.

Hatusemi Kiingereza kitupwe. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama aliyeanza masomo Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Ni yeye pia aliyeitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili, ikachapwa mwaka 1963. Hakuona ugomvi kati ya lugha hizi mbili. Tume ya Makweta nayo ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na gharama yake wanailipa watoto wa wakulima na wavuvi, wasio na fedha za shule za kulipia.

Kwa hiyo tunasema: Kiingereza cha sokoni, cha zahanati na cha safarini kifundishwe kwa mdomo tangu shule ya msingi. Mwalimu wa sekondari asione haya kufafanua somo kwa Kiswahili. Na pale ambapo mtoto bado anaadhibiwa kwa kusema Kiswahili shuleni, adhabu hiyo ikome. Mtoto aliyefunzwa kuionea haya lugha anayoielewa hawezi kuipenda asiyoielewa.