WAKALA WA BIMA, JEMBE LAKO LIKO WAPI?



Maneno haya nayaelekeza kwa mawakala wenzangu wa bima ya afya wa Nunguni na Kilungu yote. Tena nayaelekeza kwa wale wanaonung'unika kwamba gazeti hili la wafanya kazi lisiwape nafasi watu wasio na mshahara. Mtu atokaye nyumbani alfajiri, akapanda na kushuka vilima hivi kwa nauli yake mwenyewe, ili kampuni iliyoko Nairobi ipate wateja, mtu huyo ni mfanya kazi, hata kama karatasi aliyotia sahihi yamwita "mshirika wa biashara".

Jina hilo tamu limetutia hasara. Kwa kuwa hatukuajiriwa, hatuna likizo wala malipo ya siku za ugonjwa, na wapo kati yetu wauzao bima ya matibabu nao wenyewe hawana. Chama cha wafanya kazi wa mabenki na bima chaweza kumtetea karani aliye ndani ya ofisi, lakini sisi tulio nje ya mlango hatumo katika mapatano yake. Leseni tunalipia wenyewe kila mwaka. Komisheni yetu hukatwa kodi ya asilimia 10 kabla hatujaigusa, na ikichelewa twampigia meneja simu. Asipopokea, habari imekwisha.

Mimi mwenyewe nilipata kuleta kikundi kizima cha akina mama wakulima, kazi ya miezi saba ya kuhudhuria mikutano yao chini ya mti. Mwaka wa pili ulipofika, kampuni iliwaandikia wao moja kwa moja, nami nikaambiwa kuwa kikundi hicho sasa ni "cha ofisi". Nikapanda gari kwenda kudai haki yangu. Nilikaa kwenye benchi tangu saa tatu hadi saa tisa, kisha nikaambiwa niandike barua. Niliandika, na jibu nalingojea mpaka leo. Baada ya mwaka mzima, tukinywa chai, ndipo nilipopata habari kwamba wenzangu wawili walitendewa vivyo hivyo, na kila mmoja aliketi kwenye benchi lile lile peke yake, akiona aibu kusema.

Wazee wetu hawakwenda Nairobi namna hiyo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipokamata ng'ombe wa Wakamba na kuwauza kwa nguvu, Muindi Mbingu na chama cha Ukamba Members Association hawakumtuma mtu mmoja na barua. Walikwenda kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, wakaketi Nairobi kwa majuma wakitaka kumwona Gavana. Mbingu alihamishwa akapelekwa Lamu, hilo ni kweli, lakini mnada ule wa nguvu ulikomeshwa. Sisi tunaogopa hata kutia sahihi tatu katika barua moja!

Sasa hapa Nunguni chama kipo. Kimeanza kidogo, lakini sheria ya vyama yahesabu watu 10 kuwa chama, nasi tumepita hapo. Ada wengi wamelipa, na kadi wanazo. Ikifika siku ya mkutano huja watu watano au sita, nao ni wale wale. Waliobaki utawakuta sokoni wakiuliza, "Chama kimenifanyia nini?"

Ndugu, wewe ni mtoto wa Kilungu. Matuta yaliyoshika udongo wa vilima hivi yalichimbwa na mwethya. Je, ulipata kusikia mtu amelipa ada ya mwethya, akapewa kadi, akaenda kulala? Katika mwethya watu hutazama nani amekuja na jembe. Asiyekuja leo, kesho shamba lake halichimbwi, na wala hapati uso wa kuuliza kwa nini. Lakini katika chama cha mawakala mtu asiyeleta jembe ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Wapo wasemao kuwa huko Nairobi kuna Bima Intermediaries Association of Kenya, basi hicho chatosha. Mimi sina neno baya juu ya chama hicho, na yafaa tuwe nacho pamoja. Lakini nani huko Nairobi ajuaye maswali tunayoulizwa hapa? Watu wa Makueni tangu mwaka 2016 walizoea MakueniCare, shilingi 500 kwa nyumba kwa mwaka mzima. NHIF, iliyoundwa mwaka 1966, asiye na mshahara aliilipa shilingi 500 kwa mwezi. Kisha tarehe 1 Oktoba 2024 ikaja SHA: mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na mkulima hukadiriwa kwa kuulizwa mali ya nyumbani kwake, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, tena hutakiwa kuleta ya mwaka mzima. Mama muuza kabichi akikwama kwa mambo ya SHA, humfokea wakala wa kampuni, maana ndiye amwonaye. Kila wakala humjibu kwa namna yake, na mwingine, kwa tamaa ya kuuza, humwambia aache kabisa kulipa SHA. Ushauri huo ni wa hatari, maana malipo hayo ni ya sheria, nasi hatuna mahali pa kumwonya asemaye hivyo isipokuwa chamani.

Na hapa niseme jambo ambalo wenzangu hawatapenda. Ubaya wote hautoki Nairobi. Mama mmoja alikuja mezani kwangu na kadi aliyouziwa na wakala mwingine. Aliambiwa bima hiyo italipia kujifungua. Hakuambiwa kuwa kuna miezi ya kungoja. Siku yake ilifika kabla miezi haijatimia, kadi ikakataliwa, na mume wake akauza ng'ombe. Alinitazama akasema, "Mwanangu, nyinyi nyote ni wale wale." Sikuwa na jibu. Wakala yule hakuwa chamani, hakuna aliyeweza kumwita mbele ya wenzake, naye aliendelea kuuza. Tangu siku ile, katika kijiji kile hakuna mlango unaonifungukia.

Tena wapo wanaomrudishia mteja nusu ya komisheni ili wamnyang'anye kwa mwenzao. Leo umempokonya mwenzako, kesho atakupokonya wewe, na mwishowe sote twafanya kazi ya kampuni bure.

Mtasema viongozi wa chama ni wabaya: mwenyekiti husema peke yake, na mwandishi huandika yale apendayo. Pengine ni kweli. Lakini nani alikuwapo kumkataza? Kitabu cha fedha kiliwekwa mezani mara mbili, na watu wanne tu walikifungua. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nilikuta kosa la hesabu, likasahihishwa pale pale. Kama hamumtaki mwenyekiti, njoni mpige kura mumtoe. Kumsengenya kwenye kituo cha matatu hakumwondoi.

Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana. Kila mtu aje na karatasi zake za komisheni za miezi sita, zilizolipwa na zisizolipwa. Tutaandika orodha moja ya madai kwa kila kampuni, na barua moja yenye sahihi zetu zote. Aliyenyang'anywa kikundi aje na majina na tarehe. Na yule aliyemwuzia mama yule, kama anasoma gazeti hili, naye aje. Kiti kipo.

Wakala, Nunguni