Kidonda cha Kinywa Kisifichwe

Watu wengi wakiona malengelenge au vidonda ndani ya kinywa hutaja sababu moja tu. Husema, "Amerogwa," au, "Alimtukana mzazi wake." Basi mgonjwa huona haya, hufunika kinywa kwa kitambaa, hukaa nyumbani. Mimi nasema desturi hii imeharibu watu wengi, na yafaa Wakristo waiache.

Tazama, sababu ni nyingi. Mtu hujiuma ulimi, au huungua kwa chai ya moto. Jino lililovunjika hukwaruza shavu. Vidonda vidogo vyeupe huuma sana, lakini mara nyingi hupona vyenyewe kwa siku 7 hata 14. Malengelenge ya midomo hutokea mara nyingi wakati wa homa. Utando mweupe katika kinywa cha mtoto mchanga huletwa na kuvu. Kwa mtu mzima waweza kuwa alama ya Ukimwi, naye apimwe damu, maana dawa zipo. Mpox, ugonjwa uliotambuliwa kwa mtu mara ya kwanza katika Kongo mwaka 1970, huleta vidonda vya kinywa pamoja na homa na upele mwilini. Kidonda kisichopona kwa majuma 2 kionyeshwe kwa mganga, kwa kuwa chaweza kuwa kansa, hasa kwa wavuta tumbako na wanywa pombe.

Lakini uko ugonjwa mmoja usiongoja: noma. Huwashika hasa watoto wa miaka 2 mpaka 6, waliokonda kwa njaa au waliotoka katika surua au malaria. Huanza kwa kidonda kidogo kwenye ufizi. Damu hutoka, na kinywa hunuka. Kwa siku chache shavu huvimba na nyama huoza. Katika watoto 100 wasiotibiwa, hata 90 huweza kufa. Akiletwa mapema, dawa ya kuua vijidudu, kusafisha kinywa na chakula chema huweza kumponya. Noma haiambukizi. Basi mama, ile harufu unayoionea haya ndiyo inayokuambia uje leo.

Wengine watasema, "Hospitali ni mbali, na fedha hatuna." Neno hilo ni la kweli. Kwa hiyo nasema kazi hii si ya mama peke yake. Mashemasi na wamama wa kanisa, mnapotembelea nyumba, ombeni kuona vinywa vya watoto. Mkiona ufizi wenye kidonda, changeni nauli. Kidonda cha leo hutibiwa kwa fedha kidogo. Shavu lililotoboka huhitaji kupasuliwa mara nyingi.

Nyumbani, mtoto asukutue kwa maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, glasi moja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha ateme. Msikate kidonda, wala msitie majivu wala maji ya betri. Mpeni uji wenye karanga, maharagi, sombe na mayai.

Someni Marko 1:40-42. Mwenye ukoma alimjia Bwana Yesu, naye Bwana akanyosha mkono akamgusa. Hakuuliza kwanza ni nani aliyemroga. Nasi tufanye vivyo hivyo.