Mkono Mfukoni, Lakini Bastola Ilishapita kwa Fundi

Si mnamkumbuka yule Mturuki wa Paris 2024, Yusuf Dikeç? Miwani ya kawaida, tisheti, mkono mfukoni, anaondoka na medali ya fedha. Mtandao mzima ukaimba: kipaji tu, vifaa ni mbwembwe.

Mimi nakataa. Bastola za hewa za kiwango kile zina mpini uliochongwa kufuata kiganja. Nyingi zina matundu mbele ya mtutu ya kutoa hewa, na uzito ndani wa kumeza mtikisiko. Hujaviona kwa sababu fundi alimaliza kazi yake mapema.

Na hiyo ni hewa. Ya risasi ni balaa zaidi. Mtutu uko juu ya ngumi, kwa hiyo ukipiga, bastola inasukumwa nyuma kwa juu na mkono unaizuia kwa chini. Mdomo unaruka. Ni kama mtu akikusukuma bega: miguu inabaki, kichwa kinaenda. Sasa fikiria shindano la kasi la mita 25 la Olimpiki: shabaha 5, risasi 5, na raundi ya mwisho una sekunde 4 tu. Kila mruko unakula muda wako.

Dawa zake ni tatu: ongeza uzito mbele, toboa mtutu gesi itokee juu, au shusha mtutu wenyewe. Melbourne 1956, Wasovieti walikuja na MTs-3, bastola kama imepinduliwa, mtutu uko chini kabisa. Yevgeni Cherkasov akachukua fedha. Baadaye sheria ikabana: mtutu lazima upite juu ya mkono. Leo hata matundu yamekatazwa kwenye mita 25, ila kwenye hewa ruksa, na IPSC wana daraja zima la Open la wanaopenda kufungafunga vitu.

Walidanganya? Kwangu mimi, hapana. Walifikiri kabla sheria haijafikiri. Sheria nayo ilikuwa na haki kubana, mchezo ni makubaliano. Kinachoniuma ni kingine: jina la aliyepiga tunalo. La aliyechonga je?

Hapa ndipo linanigusa. Mimi ni wa Siyu, kisiwa cha Pate. Wageni wanapiga picha ngome, wanaondoka. Karne ya 19 mji huu ulisifika kwa mafundi wa panga, majambia na ngozi. Ami yangu bado anatengeneza visu.

Nilisoma uhandisi wa mitambo, nikaacha mwaka wa pili, karo ilikatika. Mambo ya nguvu na mizunguko niliyakariri ubaoni nikafaulu, wallahi sikuelewa kitu. Siku moja ami akaweka kisu juu ya kidole kimoja, kikatulia tuli. Akasema, "Uzito ukikaa vibaya, mkono ndio unaolipa." Basi. Mhula mzima kwenye kidole kimoja.

Na huyu mtu hana mwanafunzi hata mmoja. Vijana wanasema ufundi ni wa waliofeli. Mimi pia nilisema hivyo, likizo moja, kitambulisho cha chuo kikining'inia shingoni. Ami alikuwa nyuma yangu. Hakujibu, aliendelea kunoa.

Kabla hamjanielewa vibaya: huku Lamu neno bastola si la mzaha, na silaha bila leseni ni jela. Sisemi mtu akaguse chochote. Nasema tuache kuabudu mkono ulio mfukoni huku tukidharau mkono wenye masizi.

Mwezi huu nimeanza kukaa na ami kila Jumamosi. Bado ananipa kusugua kutu tu. Nastahili.

Kwenu fundi ni nani? Mtajeni kwa jina, akiwa bado anasikia.