Usisingizie Stima Peke Yake: Thina ya Kwa Chupa ya Soda Inaweza Choma Base Nzima

Kila moto ukishika karakana za mtaani, jibu huwa limeshapikwa: "Ni hitilafu ya stima." Watu wanapiga picha, mwenye base anaanza kuchangiwa mabati, maisha inasonga. Lakini maze, kuna swali hatuulizi: hiyo cheche ilipata nini ya kula?

Pita kwa mafundi wa fanicha Ngong Road ama magereji za Kariobangi Light Industries, uchungulie chini ya meza. Utapata thina. Fundi wa sprei anachanganyia rangi nayo, anaoshea mashine nayo, saa zingine hata mikono. Na hapo kando, hatua chache tu, kuna msee anachomelea geti.

Haiwaki venye unadhani

Wengi wetu tunadhani kile kinawaka ni ile maji ya thina. Zii. Kinachowaka ni mvuke. Thina nyingi huwa na tolueni, na tolueni inatoa mvuke wa kutosha kushika moto hata ikiwa baridi ya nyuzi 4 za Selsiasi. Sasa fikiria Nairobi saa saba mchana, jua la mabati. Mkebe ukikaa wazi, mvuke uko tayari, unangoja tu cheche.

Na haupandi juu ka moshi. Mvuke wa tolueni ni mzito karibu mara 3 kuliko hewa, so unashuka, unatambaa sakafuni, unaingia mtaroni. Ukipatana na moto mahali, moto unarudi na njia ile ile hadi kwa mkebe. Ndio maana msee ataapa "nilikuwa mbali na moto" na hadanganyi.

Tulishaona hii kitu. Septemba 12, 2011, mtaa wa Sinai, petroli ilivuja kutoka kwa bomba ikaingia mtaroni, watu wakaenda kuchota na mitungi. Moto ulipolipuka, karibu watu 100 walikufa. Februari 2024 ikawa Embakasi, gesi ikatanda mtaani usiku kabla ya kulipuka. Petroli, gesi na thina ni vitu tofauti, lakini tabia ni moja: mvuke unakufikia kabla ya moto.

Baada ya Sinai wengi walisema ni tamaa. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na mshahara.

Onyo linabaki dukani

Fundi wa mtaa hana doh ya mtungi wa lita 20. Ananunua ya kazi ya leo. Kwa duka la rangi anapimiwa kwa chupa ya soda. Mtungi mkubwa una lebo yenye alama ya moto, lakini hiyo chupa ina jina la soda. Yaani onyo linabaki dukani, hatari inaenda na wewe. Na mtoto akiingia base na kiu, atajuaje?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kemikali iwe na lebo, na mfanyakazi aelezwe hatari zake. Poa. Lakini kijana wa miaka 19 anayejifunza sprei hana barua ya kazi. Ako na mzee wa base anayemtoa kitu jioni. Sheria inapita juu ya kichwa chake. Kaunti nayo ikikuja kuitisha leseni na cheti cha zimamoto, ingeuliza pia thina inauzwa kwa chupa gani.

Kabla wakuje, kaa rada:

- Weka thina kwa mkebe wa chuma wenye kifuniko, uandikwe jina. Usiwahi weka kwa chupa ya kinywaji.
- Piga sprei mahali upepo unapita. Fegi na jiko zikae mbali. Jirani akichomelea, ngoja zamu yako.
- Vitambaa vya thina viingie mkebe wa kufunikwa. Usimwage mabaki mtaroni.
- Kichwa kikianza kuzunguka, huo si uchovu. Ni mvuke. Toka nje.
- Ikishika moto usirushe maji, thina itaelea na kusambaa. Funika mkebe, ama tumia mchanga au kizimamoto cha poda. Ukiona moto umekushinda, toka, achana na vitu.
- Mtu akiungua, mwagilia maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno. Akimeza, usimtapishe, mkimbize hospitali.

Hakuna kati ya hizi inahitaji pesa mingi. Mkebe wa rangi uliokwisha, wenye kifuniko kinachokaza, uko kwa kila base. Kesho ukitumwa thina, beba huo. Muuzaji akishika chupa ya soda, mwambie arudishe.