Wale Wanne Walifungua Dari, Sisi Twaogopa Kugusa Ngazi



Katika parokia moja ninayoifahamu vizuri, mlango wa kanisa una ngazi tatu tu, ambazo kwa pamoja hazipiti goti la mtu mzima. Kijana mmoja wa kwaya, aliyedhoofishwa miguu na polio angali mtoto, alikuwa akifika kila Dominika kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu. Vijana wanne walimwinua, wakampandisha, wakamketisha kwenye benchi la waimbaji. Baiskeli ilibaki uani. Sote tuliliona jambo hilo kuwa jema. Tena mhubiri mmoja aliwasifu wale wanne mbele ya wote, akawafananisha na watu waliomleta mwenye kupooza kwa Yezu kule Kafarnaumu.

Siku moja ya mvua, mmoja wao aliteleza. Hakuna aliyeumia sana, lakini tangu siku ile mwenzetu hakurudi. Tulipomwendea nyumbani alitujibu kwa upole: «Mimi nilikuja kuimba. Ninyi mlinipokea kama gunia la muhogo. Linapandishwa, linateremshwa, na likitaka kutoka nje kidogo ni lazima liombe watu wanne.»

Nasema wazi: tulistahili jibu hilo. Someni tena sura ya pili ya Injili ya Marko. Wale wanne walipokuta mlango umezibwa na watu, hawakumwambia mgonjwa avumilie, wala hawakumwacha barazani asikilize kwa mbali. Walipanda juu, wakafungua dari ya nyumba ya watu. Waliona afadhali nyumba iharibike kuliko mtu abaki nje. Sisi tumefanya kinyume: tumeihifadhi nyumba, tukamchosha mtu. Mfano tunaojisifia ndio unaotuhukumu.

Najua majibu yatakayotolewa, maana nami nilikuwa nikiyatoa.

Jibu la kwanza: «Parokia haina fedha.» Basi tupige hesabu. Kipimo kinachotumiwa na mafundi wa nchi nyingi ni hiki: kwa kila sentimita moja ya kupanda, mteremko uwe na urefu wa sentimita kumi na mbili. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45. Mteremko wake ni mita tano na nusu hivi. Mlango unaopitisha kiti cha magurudumu wataka nafasi wazi ya sentimita 80 angalau. Mawe, mchanga, mifuko kadhaa ya saruji, na mikono ya vijana wanaojua kuchanganya udongo: ni hayo tu. Na anayepanga mteremko kabla ya kujenga hulipa kidogo kuliko anayebomoa baadaye. Fedha za vitenge vya yubilei zilipatikana, na za rangi mpya ya ukuta pia. Tusiuite umaskini jambo ambalo ni uchaguzi wetu.

Jibu la pili: «Hao watu ni wachache, hatuwaoni hapa.» Mtawaonaje, nanyi mmewafungia njia? Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba watu 16 katika kila 100 duniani wana ulemavu mkubwa. Ikiwa katika misa yenu hamwoni hata mmoja, msiseme kwamba mtaa wenu hauna walemavu. Ulizeni wako wapi. Na mteremko ukijengwa, angalieni atakayeutumia: nyanya mwenye fimbo, mama mjamzito, kijana aliyevunjika mguu uwanjani, hata wale wanaoingiza jeneza.

Jibu la tatu: «Sisi huwapa viti kila tarehe 3 Desemba.» Hapa nitasema kwa ukali zaidi. Kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya sakafu laini ya hospitali, kikipelekwa kwenye mawe ya volkano ya Goma au kwenye miinuko ya Bukavu, magurudumu yake madogo ya mbele hayadumu. Kiti kisicholingana na mwili wa mtu kinaweza kumtia vidonda, na vidonda hivyo huua. Ndiyo maana mwaka 2008 Shirika hilohilo lilitoa mwongozo kwa nchi zenye uwezo mdogo, likitaka kila kiti kilingane na mtu, na mahali anapoishi, na kiwe na mahali pa kutengenezwa. Mtoaji aliyepiga picha na kuondoka ametimiza haja yake mwenyewe.

Anayetaka kujifunza aende kwenye mpaka kati ya Goma na Gisenyi. Atawaona walemavu wakivusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu, nzito, za mabomba ya chuma, ambazo fundi wa kuchomelea aliye jirani aweza kuzitengeneza. Watu hao hulisha jamaa zao na kusomesha watoto. Chombo kinachofaa kimewapa kazi, na kazi imewapa sauti. Mpeni mtu chombo cha namna hiyo, kisha mwekeeni ngazi tatu mbele ya shule, zahanati na kanisa: mmemnyang'anya kwa mkono wa kushoto kile alichopewa kwa mkono wa kuume.

Jibu la nne: «Hiyo ni kazi ya Serikali.» Ni kweli, na Serikali imejifunga yenyewe. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 49, yawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua za pekee. Mwaka 2015 nchi yetu iliingia katika Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na tarehe 3 Mei 2022 ikapata sheria yake yenyewe, nambari 22/003. Hata hivyo, ofisi ngapi za umma bado ziko ghorofani, pasipo njia nyingine ila ngazi? Tuna haki ya kuidai Serikali itimize neno lake. Lakini kifungu cha 9 cha Mapatano hayo chataja pia majengo ya watu binafsi yanayopokea umma. Kanisa hupokea umma. Tutaidaije halmashauri ya mji ifungue mlango wake, na wetu umefungwa?

Basi, vijana, Jumamosi ijayo chukueni futi ya kupimia. Pimeni ngazi, mlango, choo, na njia ya kwenda kupokea komunyo. Kabla ya kuchora chochote, mwendeeni anayetumia kiti, asiyeona, asiyesikia, mkamwulize anazuiwa na nini. Yeye ndiye mjuzi. Huenda asiyeona ataomba tu masomo ya Dominika yatumwe mapema kwenye simu yake inayosoma kwa sauti. Asiyesikia ataomba wawili kati yenu mjifunze lugha ya alama. Kisha pelekeni vipimo hivyo kwa halmashauri ya parokia, pamoja na hesabu ya saruji.

Na mteremko ukikauka, msimtume mtu kumbeba mwenzetu yule. Mpelekeeni habari, na mmwachie nafasi yake kwenye benchi la kwaya. Atakuja mwenyewe, atakapotaka.

Maswali kwa kikundi:
1. Katika mtaa wetu, ni nani ambaye hatujamwona kanisani mwaka huu, na ni kitu gani kinachomzuia?
2. Je, tumewahi kumpa mlemavu kitu pasipo kumwuliza anahitaji nini?
3. Ni dari ipi ambayo kikundi chetu kiko tayari kuifungua kabla ya Pasaka?